Hedhi nzito: Kabla ya kulaumu kikombe, pima damu

Mama mmoja mshonaji wa nguo, mwenye umri wa miaka 41, aliingia katika chumba changu cha matibabu hapa Nairobi akiwa na lalamiko ambalo sikuwa nimelisikia kabla ya siku hiyo. Alikuwa amenunua kikombe cha hedhi, kile cha silikoni ambacho mwanamke hukiingiza ukeni ili kikinge damu, na alitaka nimwambie ikiwa aliuziwa kitu kibovu.

"Daktari, waliniambia nitakimwaga asubuhi na jioni. Mimi siku ya pili nakimwaga kila baada ya saa mbili, na bado kinavuja. Ama waliniuzia cha watoto?"

Nilimwuliza alikuwa akitumia nini hapo awali. Akanijibu kwamba alitumia sodo, au pedi kama wengi wanavyoziita, paketi tano kila mwezi. Paketi moja huwa na sodo nane. Usiku aliongeza kipande cha blanketi kuukuu. Kazini alikuwa akitandika leso nyeusi juu ya stuli ya cherehani, na siku za hedhi hakwenda kanisani wala hakupanda matatu ikiwa angeweza kutembea. Alinunua kikombe kwa sababu gharama ya sodo ilikuwa imemshinda. Hali hiyo ilikuwa imeendelea kwa muda wa miaka mitatu, na hakuwa amemweleza daktari yeyote. Sababu yake ilikuwa fupi: "Kwetu sisi hutoka damu nyingi."

Nilimgeuza kope la jicho, nikatazama viganja vyake. Vilikuwa vyeupe kama unga. Kipimo cha hemoglobini, yaani wingi wa chembe zinazobeba hewa katika damu, kilionyesha 6.9. Mwanamke asiye na mimba anapaswa kuwa na 12 au zaidi. Kikombe chake nilikiangalia pia. Kilikuwa kizima kabisa.

Yafaa nikiri hapa kwamba si kila mara nimekuwa mwangalifu hivyo. Miaka kadhaa iliyopita mwanamke mwingine, karani wa ofisi, aliniuliza kuhusu sodo za kitambaa zinazofuliwa na kutumiwa tena. Nilimweleza kwa dakika kumi nzima jinsi ya kuzifua na kuzianika, nikaridhika na mafunzo yangu. Sikumwuliza alikuwa akibadilisha sodo ngapi kwa siku. Baada ya miezi minane aliletwa na jirani zake akiwa amezirai kituoni akingojea matatu. Alikuwa akipoteza damu nyingi wakati wote huo, na mafunzo yangu yalikuwa yamemsaidia kustahimili jambo ambalo halikustahili kustahimiliwa. Kosa lilikuwa langu. Ndiyo sababu makala haya yatazungumza juu ya vifaa na juu ya ugonjwa kwa pamoja.

Kiasi gani ni kingi?

Mwanamke wa kawaida hupoteza mililita 30 hadi 40 za damu katika hedhi moja. Hicho ni kiasi cha vijiko viwili au vitatu vya mezani, na wengi wakiambiwa hivyo hawaamini, kwa kuwa damu kidogo ikienea juu ya kitambaa huonekana kama mafuriko. Tangu zamani madaktari wamehesabu kuwa hedhi ni nzito ikiwa inapita mililita 80. Lakini nani atapima damu yake kwa chupa ya maabara? Kwa hiyo siku hizi sisi huuliza maswali ya nyumbani.

Je, sodo hulowa ikakulazimu kuibadilisha kila baada ya saa moja au mbili, kwa saa kadhaa mfululizo? Je, huvaa sodo mbili kwa mpigo? Je, huamka usiku kubadilisha? Mabonge ya damu yanayotoka yana upana wa sentimita mbili na nusu au zaidi, karibu sawa na sarafu ya shilingi 20? Hedhi hupita siku saba? Je, kuna kazi, safari au ibada unayoiacha kwa sababu ya hedhi? Ukijibu ndiyo hata kwa swali moja kati ya hayo, zungumza na daktari, hata kama mama yako na shangazi zako wote waliishi hivyo.

Hatari yenyewe ni ya pole pole. Mwili hauchoki kwa siku moja. Kwanza ngazi za ghorofa ya tatu huwa ndefu kuliko zamani, kisha moyo hudunda mbio ukiinama kuokota kitu, kucha huvunjika, na wengine hupata hamu ya kutafuna udongo au mawe laini yale yanayouzwa sokoni. Mgonjwa husema ni uzee, au ni kazi nyingi. Mwenye hemoglobini ya 6.9 anaweza kukaa kwenye cherehani na kushona sare za shule, kwa kuwa mwili wake umezoea umaskini huo kidogo kidogo. Akipata ajali, au akihitaji upasuaji wa ghafla, hana akiba.

Vifaa vinabeba kiasi gani?

Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo lilistahili kufanywa zamani sana. Badala ya kujaza sodo na vikombe kwa maji au maji ya chumvi, kama viwanda vingi vilivyozoea kufanya, wao walitumia damu halisi ya binadamu. Waliona kwamba sodo za kawaida, tamponi na vikombe vilibeba kiasi kinachokaribiana, baina ya mililita 20 na 50. Kisahani cha hedhi, ambacho ni bapa na hukaa juu zaidi kuzunguka mlango wa kizazi, kilibeba nyingi kuliko vyote, wastani wa mililita 61. Chupi za hedhi, zile zenye tabaka za kufyonza zilizoshonewa ndani, zilibeba mililita mbili tu.

Mililita mbili! Kwa mwenye hedhi nzito, chupi hiyo ni ya kumsaidia kikombe kikivuja, au ni ya siku ya mwisho damu ikiwa matone. Nimewaona wanawake wakitumia pesa nyingi kununua chupi tatu au nne za namna hiyo wakitumaini zitawatosha siku ya pili. Hazitawatosha.

Kuhusu usalama, Kenya yenyewe imechangia elimu hii. Huko Siaya, watafiti wakishirikiana na taasisi ya KEMRI waliwapa wasichana wa shule 30 za msingi vikombe au sodo, na wengine wakaendelea na desturi zao, kisha wakawafuatilia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Vikombe havikuwaletea madhara makubwa yaliyohofiwa, na maambukizi ya njia ya uzazi hayakuongezeka. Mwaka 2019 jarida moja la tiba la Uingereza lilichapisha mapitio ya tafiti 43 za nchi mbalimbali, na ikaonekana kwamba vikombe huvuja sawa na sodo au tamponi, au chini yake. Kwa hiyo wale wanaosema kikombe ni mchezo wa vijana wa mjini wamechelewa. Kwa hakika si kitu kipya: mwanamke wa Kimarekani, Leona Chalmers, alipata hati ya uvumbuzi wa kikombe cha mpira mwaka 1937.

Kikombe kwa mwenye damu nyingi

Vikombe vingi hubeba mililita 20 hadi 30, na vichache zaidi ya hapo. Maelezo ya karatasini husema kinaweza kukaa mpaka saa 12. Huo ni upeo, si ratiba. Mwenye hedhi nzito atakimwaga kila baada ya saa mbili hadi nne katika siku mbaya, na hapaswi kujiona kuwa ameshindwa. Hata hivyo, yafaa ajue kutofautisha mambo mawili.

Ukikitoa kikombe ukakuta kina damu nusu, na chupi ilikuwa imelowa, basi hakikukaa vizuri. Huenda hakikufunguka ndani, au mlango wa kizazi uko pembeni, au kipimo chake si chako, au tumbo limefunga choo likakisukuma. Kitie tena: kikunje kama herufi C, kiingize kikielekea nyuma upande wa uti wa mgongo badala ya juu, kisha zungusha kidole kwenye kitako chake uhakikishe kimekuwa duara bila kunjo. Lakini ukikitoa kikiwa kimejaa pomoni, na chupi pia imelowa, kikombe kimefanya kazi yake yote. Hapo ni wingi wa damu unaohitaji uchunguzi.

Kabla ya kununua, osha mikono, na wakati wa hedhi pima kwa kidole umbali wa mlango wa kizazi. Ni kitu kigumu kidogo kama ncha ya pua. Ukikigusa mara tu kidole kinapoingia, utahitaji kikombe kifupi, na kikombe kifupi mara nyingi hubeba kidogo. Baadhi ya wanawake wenye uvimbe katika mji wa uzazi huona kikombe hakikai kabisa. Kwa hao kisahani huenda kikafaa, au warudi kwenye sodo, na si aibu.

Kukitoa, chuchumaa, bana kitako ili hewa iingie, kisha kivute taratibu ukikiyumbisha. Usivute kile kijiti cha chini peke yake. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa aliye na koili ya kupanga uzazi, kwa maana mvuto wa kikombe unaweza kuitoa koili, au kuisogeza bila yeye kujua, akapata mimba. Ikiwa una koili, mwulize aliyekutilia kabla ya kutumia kikombe, na umwombe akate nyuzi zake ziwe fupi.

Hapa mjini vyoo ndivyo tatizo. Katika choo cha ofisi kisicho na bomba ndani, ingia na chupa ndogo ya maji safi, mwaga damu, suuza juu ya bakuli la choo, rudisha. Kama maji hayapo, pangusa kwa tishu safi na ukioshe vyema utakapofika nyumbani. Wanaotumia choo cha shimo cha ploti wajihadhari zaidi. Mgonjwa wangu mmoja alikidondosha kikombe shimoni asubuhi ya siku ya kwanza, na pesa zake zikaenda nacho. Tangu hapo nawashauri wenye vyoo vya namna hiyo wakitoe kikombe juu ya kopo dogo, ndipo wamwage damu. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukigusa, si baadaye tu.

Hedhi ikiisha, kichemshe kwa dakika tano hadi kumi katika maji mengi kiasi kwamba hakigusi chini, na ukichemshe tena kabla ya hedhi ifuatayo. Mkebe wa maziwa ya unga unatosha. Uwe wa kazi hiyo peke yake, nawe utaepuka ugomvi na mama mkwe kuhusu sufuria ya uji. Kihifadhi katika kifuko cha kitambaa kinachopitisha hewa. Kikitunzwa hudumu miaka mitano na hata kumi.

Kuna ugonjwa wa nadra ambao husababishwa na sumu ya bakteria, ambao tangu zamani ulihusishwa na tamponi. Mwaka 2015 uliripotiwa kwa mtumiaji wa kikombe huko Kanada. Ukiwa na kikombe ndani ukapatwa na homa kali ya ghafla, kutapika, kizunguzungu na vipele vyekundu kama ngozi iliyoungua na jua, kitoe na uende hospitalini siku hiyo hiyo. Ukisikia maumivu ya ubavu baada ya kukitia, kitoe pia, kwani kikikaa vibaya kinaweza kubana mrija wa mkojo kutoka kwenye figo. Aliyejifungua asitumie kikombe mpaka wiki sita zipite na achunguzwe. Waliotahiriwa kwa kushonwa hawatakiweza, na wasilazimishe.

Sodo za kitambaa

Wengine hawataki kuingiza chochote ndani, na hiyo ni haki yao. Hasa mama akimnunulia binti yake, binti aulizwe kwanza. Sodo ya kitambaa iliyotengenezwa vizuri ina tabaka za pamba au flaneli na tabaka moja ya chini isiyopitisha maji. Wenye hedhi ya kawaida huhitaji sita hivi. Mwenye hedhi nzito anayebadilisha kila baada ya saa tatu, na anayesubiri siku moja au mbili zikauke, atahitaji 12 au zaidi. Hesabu hii haisemwi na wauzaji, na ndiyo sababu wengi hununua nne, zikawashinda katika siku ya pili, wakazitupa kabatini.

Kisha kuna maji. Mtaa unaopata maji ya mgao mara mbili kwa wiki si mtaa wa kufulia sodo 12. Katika hali hiyo mimi hupendekeza kikombe ndani na sodo moja ya kitambaa nje ya kukinga, badala ya kitambaa peke yake. Maji yatakayotumika ni machache.

Suuza kwanza kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe. Maji ya moto hushikiza damu kwenye nyuzi, na doa halitoki tena. Kisha fua kwa sabuni na usuuze sana. Usilaze sodo ndani ya ndoo usiku kucha, itanuka. Usitie dawa kali ya kung'arisha nguo wala ile ya kulainisha, kwa kuwa ya kwanza huharibu tabaka isiyopitisha maji na ya pili huzuia kitambaa kufyonza. Anika juani mpaka zikauke kabisa. Najua kamba ya ploti ina macho mengi, na wanawake huanika sodo chini ya godoro au nyuma ya kabati. Huko hazikauki, nazo huota ukungu na kuwasha. Zitandaze kambani, na ikibidi uzifunike kwa leso nyepesi moja, upepo upite. Msimu wa mvua usivae yenye unyevunyevu eti itakaukia mwilini. Na pasi usiipitishe juu ya tabaka ya chini, huyeyuka.

Daftari

Hapa ndipo kikombe kinapomshinda daktari kwa faida. Vikombe vingi vina mistari ya mililita ubavuni. Nilimwomba yule mama mshonaji, ambaye ameshona kwa vipimo maisha yake yote, aandike hedhi moja. Aliniletea ukurasa wa daftari la wateja: siku ya kwanza vikombe vitatu vya mililita 25, siku ya pili saba, siku ya tatu sita, siku ya nne viwili, na siku tatu za mwisho mililita 30 kwa jumla. Nikajumlisha, ikawa 480.

Si zote damu. Majimaji ya hedhi huwa na damu takriban nusu, na yanayobaki ni ute na majimaji ya mji wa uzazi. Kwa hiyo tuseme 240, ambayo ni mara tatu ya kile kiwango cha 80. Sasa hesabu madini ya chuma. Kwa mtu mwenye damu ya kutosha, kila mililita ya damu hubeba karibu nusu miligramu ya chuma. Mililita 240 ni miligramu 120. Na mwili hufyonza kutoka chakulani miligramu moja au mbili tu kwa siku, yaani 30 hadi 60 kwa mwezi. Mapato 60, matumizi 120, na mwezi ujao vivyo hivyo. Nilipomwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi aliiangalia kimya, kisha akasema, "Hata duka lingefungwa."

Mwanamke akija kwangu na ukurasa kama huo, hunipunguzia nusu ya kazi. Asiye na kikombe na aandike idadi ya sodo, zilizolowa zikitengwa na zilizochafuka kidogo, pamoja na ukubwa wa mabonge.

Damu hutoka wapi?

Sababu ni nyingi, nami nitazitaja kwa haraka. Faibroidi, yaani uvimbe usio wa saratani katika ukuta wa mji wa uzazi, ni mwingi mno miongoni mwa wanawake Waafrika. Kuna vinyama laini ndani ya mji wa uzazi, utando wake kuota ndani ya misuli, yai kutopevuka kila mwezi, ulegevu wa tezi ya shingo iitwayo thairoidi, koili ya shaba, na dawa za kuzuia damu isigande. Kwa aliyepita miaka 45, au anayetoka damu katikati ya mwezi au baada ya kujamiiana, lazima saratani ichunguzwe mapema. Aliyekoma hedhi mwaka mzima kisha akaona damu, hata tone, asingoje.

Msichana ambaye hedhi yake imekuwa nzito tangu ile ya kwanza, na ambaye hutokwa damu puani au kwenye fizi, au aliyetokwa damu muda mrefu baada ya kung'olewa jino, apimwe uwezo wa damu yake kuganda. Ugonjwa wa von Willebrand hurithiwa, na aghalabu hugunduliwa kwa kuchelewa kwa sababu familia nzima huamini kwamba ndivyo walivyoumbwa.

Vipimo vya mwanzo si vya ajabu: wingi wa damu, akiba ya chuma ikiwezekana, kipimo cha mimba, na picha ya altrasaundi. Dawa pia zipo. Asidi ya traneksamiki humezwa siku za damu nyingi tu na hupunguza damu, ila aliyewahi kupata donge la damu mguuni au mapafuni haipaswi kumfaa. Asidi ya mefenamiki au ibuprofeni hupunguza damu kiasi na maumivu pia. Aspirini huongeza damu, usiitumie. Vidonge vya kupanga uzazi husaidia wengi. Koili yenye homoni, ambayo si ile ya shaba, hupunguza damu kuliko dawa yoyote ya kumeza, ingawa miezi ya kwanza huleta matone yasiyo na mpango. Upasuaji huja mwisho, na kutolewa mji wa uzazi si jibu la kwanza kwa kila mwenye faibroidi, hata kama ndilo alilolisikia saluni.

Kuhusu kurudisha damu, maji ya bitiruti hayatakuponya. Rangi yake nyekundu haitokani na chuma. Maini, nyama, omena, maharagwe na mboga za majani ni bora, lakini aliyefika 6.9 hawezi kula mpaka apone. Anahitaji vidonge vya chuma kwa miezi mitatu au zaidi, na wengine sindano ya mshipani. Meza kidonge pamoja na chungwa. Usikimeze na chai, kwani chai huzuia chuma kufyonzwa, na hapa Kenya tunaanza na kumaliza siku kwa chai. Ngoja saa moja au mbili. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke.

Mwenye damu inayolowesha sodo mbili au zaidi kwa saa, kwa saa mbili mfululizo, au anayesikia kuzirai, kifua kubana au pumzi kukatika, asisome makala. Aende hospitalini.

Altrasaundi ya yule mama ilionyesha faibroidi moja ya sentimita nne, imechomoza ndani ya mji wa uzazi. Alipewa chuma kwa mshipa na asidi ya traneksamiki, nikampeleka kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, naye akaiondoa baada ya miezi minne, hemoglobini ilipofika 11. Kikombe ni kile kile. Sasa hukimwaga asubuhi, jioni, na mara moja saa saba mchana katika siku ya pili.

Mwezi uliopita alikuja tena, mara hii na binti yake wa miaka 16 ambaye huvaa sodo mbili kwa mpigo na hukosa shule siku mbili kila mwezi. Hemoglobini ya msichana ni 10.2. Fizi zake hutoka damu akipiga mswaki. Ameanza vidonge vya chuma, na damu yake imepelekwa maabara kupimwa inavyoganda.